Joto Linalopanda Lenyewe

Umeme ulikatika asubuhi, watu wakiwa bado wanapiga pasi nguo za kazini, na mpaka jua linafika utosini ulikuwa haujarudi. Maabara ya chuo ilikuwa na jenereta yake, kwa hiyo Chiriku hakuona tofauti yoyote. Alikuwa amekaa mbele ya kompyuta, kiatu kimoja amekivua, anatafuna karanga huku akiangalia mistari ya rangi ikitambaa kwenye kioo.

Chiriku halikuwa jina lake. Shangazi yake, aliyemlea tangu wazazi wake walipofariki, ndiye aliyembandika jina hilo, kwa sababu utotoni hakuwa anafunga mdomo hata akiwa usingizini. Jina likamganda. Sasa alikuwa mwanamke mzima anayesomea shahada ya uzamivu, na hata Profesa wake alimwita Chiriku.

Utafiti wao ulikuwa rahisi kuueleza. Betri za pikipiki za umeme zikichoka, haziwezi tena kupandisha mlima na abiria mnene mgongoni, lakini bado zina nguvu ya kufanya kazi za taratibu. Wao walizikusanya, wakazipima, wakazifunga upya kwenye masanduku ya bati yenye ukubwa wa begi la safari, kisha wakayapeleka nyumbani kwa wagonjwa wa mapafu wanaopumua kwa mashine ya oksijeni. Mashine hizo zinataka umeme usiku na mchana. Umeme ukikatika, sanduku linashika zamu, mgonjwa anaendelea kuvuta pumzi zake bila hata kujua kwamba mtaa mzima uko gizani. Wachumi wa chuo walikuwa wameshasema kwamba jambo hili linalipa. Watu wa wizara walikuja wakapiga picha na masanduku, wakayagonga gonga kama wanaochagua tikiti maji sokoni, wakaondoka wameridhika.

Shangazi alikuwa mmoja wa wagonjwa hao. Alishona nguo nusu ya maisha yake kwenye kiwanda chenye vumbi la pamba, na vumbi hilo likaingia mapafuni likajenga. Hospitali ndiyo iliyomchagua, kwa kura, na siku ileile Chiriku alimwendea Profesa akamwambia, "Huyu ni damu yangu." Profesa akasema kura ni kura, ila vipimo vya nyumba ile vitachukuliwa na mtu mwingine.

Mle maabara kulikuwa na kabati la chuma lililotengenezwa kuiga joto la chumba chenye paa la bati. Ndani yake waliweka sanduku moja, ndugu wa yale yaliyopelekwa majumbani, wakawa wanalijaza umeme na kulikamua, kulijaza na kulikamua, waone litazeeka vipi. Aliyelisimamia ni fundi wa maabara, mzee mmoja waliyemwita Koleo kwa sababu mfuko wake wa shati haukukosa koleo hata siku ya sherehe.

"Chiriku," Koleo aliita, "si ulizima hili kabati?"

"Nimelizima kitambo. Nilitaka lipoe nibadilishe waya."

"Sasa mbona halipoi?"

Chiriku aliangalia kioo. Mstari wa joto ulipaswa kushuka. Ulikuwa unapanda. Haukupanda kwa pupa. Ulipanda kwa utulivu, kama mtu anayejua anakokwenda. Kabati lilikuwa limezimwa, chaja imechomolewa, hakuna kitu kilichokuwa kinaipa betri ile joto isipokuwa betri yenyewe. Karanga zilimkauka mdomoni. Alikuwa amesoma habari za joto la namna hii katika makala za watafiti wengine, ameandika hata ukurasa mzima juu yake, lakini kulisoma ni kitu kimoja, na kulitazama likikupandia mbele ya macho ni kingine kabisa.

Kisha ikaja harufu. Tamu, kali kidogo, kama rangi ya kucha.

"Toka," alisema Koleo.

"Ngoja nihifadhi haya—"

"Toka, mama, nimesema toka!"

Chiriku aliikumbatia kompyuta yake kifuani, akatoka na kiatu kimoja. Koleo aliuvuta mlango wa chuma nyuma yao. Mle ndani ukatoka mlio kama wa birika linalochemka, halafu ikasikika milipuko midogo midogo, pu, pu, pu, na kioo cha mlango kikawa cheupe kwa moshi, kisha chekundu. Koleo alifungua mlango nusu, akamwaga povu la kizimamoto. Moto ukazimika. Ukawaka tena. Akamwaga tena, ukanywea, ukawaka tena kutoka ndani kwa ndani, bila aibu. Ilibidi waje walinzi wawili na mpira wa maji, na hata hapo ulizimika kwa shingo upande.

Profesa alifika akiwa anahema, tai begani. Aliangalia kabati lililopinda, akaangalia watu, akaona wote wazima, akatoa pumzi ndefu.

"Tusikimbilie kusema lolote," alisema. "Betri moja si utafiti. Huenda seli moja tu ilikuwa mbovu."

 Chiriku alikuwa amechuchumaa ukutani, kompyuta mapajani. Kila sanduku lililokuwa majumbani lilikuwa na laini ya simu ndani yake, likituma hali yake kila baada ya muda mfupi. Mistari ya nyumba zote ilikuwa imelala pale kwenye kioo, mmoja chini ya mwingine, kama watoto kitandani. Wote wamelala, isipokuwa mmoja ulioanza kunyanyua kichwa.

Hakuhitaji kusoma namba ya nyumba. Alikuwa anaijua.

"Profesa, uangalie huu."

Profesa aliinama. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Akaivua, akaifuta upya, na kumwona hivyo kulimtia Chiriku hofu kuliko ule moto. Siku zote alidhani kwamba mahali fulani juu yake kuna mtu asiyeogopa.

"Tukiwaambia wazime masanduku," alisema Profesa taratibu, "umeme hakuna. Watapumua nini?"

Hapo ndipo mtego ulipokuwa. Sanduku likiachwa linaweza kuwaka, na likizimwa linakata pumzi.  Chiriku alijilazimisha kufikiri kwa sauti, neno moja moja.

"Wapigie simu. Mmoja mmoja. Waguse sanduku kwa mgongo wa mkono. Kama halina joto, walibebe walipeleke uani, wavute waya mrefu upitie dirishani, mashine iendelee kufanya kazi. Kama ni la moto wasiliguse, wamtoe mgonjwa. Na hospitali ilete mitungi ya oksijeni."

"Na shangazi yako?"

"Nakwenda."

"Nenda," alisema Profesa, tayari simu iko sikioni. "Hizi nitapiga mimi."

Chiriku alishuka ngazi mbili mbili, simu ikiita. Iliita mpaka ikakatika. Akapiga tena.

"Haloo, daktari wa betri," Shangazi alipokea. Alizungumza kwa vipande, akivuta pumzi kati ya neno na neno, kama alivyozoea. "Umekula?"

"Shangazi, gusa sanduku. Kwa mgongo wa mkono."

"Kuna nini?"

"Gusa tu."

Kitanda kililia. Kisha, "Mh! La moto hili. Ndiyo maana paka... kahama tangu asubuhi. Na kuna kiharufu... nikasema leo jirani anapaka kucha, anakwenda wapi na jua hili?"

Chiriku alisimama katikati ya ngazi. Alishika ukuta.

"Shangazi, vua mrija puani. Toka nje. Sasa hivi, usichukue kitu."

"Nivue? Chiriku... nikivua huu nakufa."

"Usipouvua unakufa!"

Hakukusudia kupiga kelele. Upande wa pili kulikuwa na mlio wa mashine tu, ukivuta na kutoa, ukivuta na kutoa.

"Unanitisha, mwanangu," alisema Shangazi kwa sauti ndogo.

"Na mimi naogopa, Shangazi. Toka nje. Nakuja."

Simu ikakatika, na alipopiga tena haikupatikana.

Barabarani taa za njia panda zilikuwa zimekufa kwa kukosa umeme na magari yalikuwa yamefungamana kama nyuzi. Alimwona dereva wa pikipiki kivulini, akarukia nyuma kabla hata hawajaelewana. Walipenya katikati ya magari, vioo vikiwakwaruza viwiko. Walikuwa wameshakata kona mbili ndipo Chiriku alipogundua kwamba pikipiki ile haikuwa na mngurumo. Ilikuwa ikiteleza kimya. Chini yake, chini ya kiti, palikuwa na betri. Na lile joto alilolihisi mapajani, hakujua kama ni la jua au la nini.

"Kaka," alimwita dereva sikioni, "betri yako mpya?"

"Mpya?" Dereva alicheka. "Dada, hata mimi mwenyewe si mpya. Kwani vipi?"

"Hakuna kitu. Wewe endesha."

Akafumba macho. Alihisi kila tuta kwenye uti wa mgongo, na kila tuta lilimfanya abane pumzi.

Shangazi aliishi kwenye chumba cha tatu katika nyumba ndefu ya vyumba vilivyopangana, inayotazama ua mmoja. Mbele ya ua palikuwa na karakana ya seremala: mbao zimeegemezwa ukutani, maranda yamejaa hadi kwenye vizingiti vya watu. Chiriku hakuwahi kuyaona maranda yale kama kitu cha kutisha. Siku hiyo aliyaona.

Kwenye benchi la nje hapakuwa na mtu.

"Shangazi yuko wapi?"

Seremala aliweka randa chini. "Alitoka, akakaa hapo. Nikamuuliza kulikoni, akanipungia tu mkono. Halafu akaanza kuhema vibaya, midomo ikabadilika rangi. Akarudi ndani. Alisema anavuta pumzi mbili tatu, kisha atatoka tena."

Chiriku alikimbia. Mlango ulikuwa wazi. Shangazi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mrija puani, mikono juu ya magoti, akivuta hewa kama mtu anayekunywa maji baada ya safari ndefu. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Kando ya mto, pale walipoliweka wao wenyewe watafiti ili waya ufike vizuri, sanduku lilikuwa limevimba mfuniko na lilikuwa linalia, mlio mwembamba usiokatika. Moshi kidogo, mweupe, ulikuwa unatambaa juu ya shuka.

Oksijeni ilikuwa ikitoka kwenye mrija ule tangu asubuhi. Ilikuwa imeingia kwenye godoro, kwenye pazia, kwenye nguo alizovaa Shangazi. Chiriku alijua kitambaa kilicholewa oksijeni huwakaje. Alijua kuliko mtu yeyote kwenye ua ule, na kujua kule ndiko kulikompigilia misumari miguuni. Alitaka kuingia. Miguu ilimgomea. Alisimama kizingitini, mkono kwenye fremu ya mlango, na mwili wake mzima ukamwambia kimbia.

Shangazi aliinua macho, akamwona. Hakumwita. Alinyanyua mkono, akafanya ile ishara ya kumfukuza kuku: rudi, rudi huko, usiingie.

Hapo miguu ikafunguka. Chiriku aliingia, akauvuta ule mrija, akapitisha mikono chini ya makwapa ya shangazi yake na kumnyanyua. Alikuwa mwepesi mno. Mtu aliyewahi kumbeba mgongoni kumpeleka shule siku za mvua, sasa alikuwa kama nguo zilizoanikwa. Wakakwaa cherehani, wakapepesuka. Seremala alikuwa ameshafika mlangoni. Alimpokea Shangazi mikononi na wote watatu wakatoka kwa kusukumana.

Hawakuwa wamefika kwenye benchi. Nyuma yao chumba kilitoa sauti kama ya mlango mzito unaobamizwa, na mlango wenyewe ukatema moto. Pazia halikuungua, lilitoweka tu. Godoro likafuata. Watu walitoka vyumbani wakipiga mayowe, wengine wakakokota mbao mbali na ukuta, wengine wakamwaga mchanga na maranda yakafukiwa kwa majembe na kwa mikono.

"Fukieni maranda! Mchanga! Na msilisogelee sanduku, linalipuka tena!" Chiriku alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Halafu akahisi mkono unamvuta nguo.

Shangazi alikuwa anamtazama, mdomo wazi, na hakuna hewa iliyokuwa inaingia ya kutosha. Midomo yake ilikuwa na rangi ya zambarau. Moto ulikuwa umemwacha. Sasa ilikuwa zamu ya kile kingine.

"Mkokoteni," alisema seremala.

Walimpandisha kwenye mkokoteni wa kubebea mbao. Chiriku alikaa nyuma yake, akamwegemeza kifuani ili kifua kisikunjike, na seremala akaanza kusukuma kuelekea zahanati iliyokuwa juu ya barabara, akipiga kelele, "Njia! Jamani njia!" Magari yalikuwa hayasogei, lakini mkokoteni ulipita. Chiriku alihesabu kila pumzi ya shangazi yake, kiganja kikiwa kifuani pake. Zilikuwa fupi, za juu juu, na kila moja iliachana na mwenzake kidogo zaidi.

"Niko hapa," alimwambia sikioni. "Vuta. Toa. Vuta." Aliongea njia nzima. Hakujua anaongea nini. Alimsimulia habari za shule, za nguo nyekundu aliyomshonea, za mwalimu aliyempa adhabu kwa kuongea darasani. Alikuwa na hofu kwamba akinyamaza tu, na pumzi nayo itanyamaza.

Zahanati nayo haikuwa na umeme. Muuguzi aliwapokea mlangoni, akamtazama Shangazi mara moja tu, akakimbia ndani na kurudi akiburuta mtungi.

"Upo huu mmoja," alisema akifungua valvu, "na umekaribia kwisha. Nitauachia kidogo kidogo. Mna gari la kumfikisha hospitali?"

Hawakuwa nalo. Walikaa. Rangi ilirudi kwenye midomo ya Shangazi polepole, lakini mshale wa mtungi nao ulikuwa unashuka, na Chiriku alijikuta kwa mara ya pili siku hiyo akitazama kitu kinachokwenda upande usiotakiwa bila uwezo wa kukizuia. Muuguzi aliugonga mshale kwa ukucha. Ukashuka zaidi.

Gari lililopiga honi nje lilikuwa la chuo. Koleo alishuka, uso mweusi kwa masizi, na nyuma ya gari kulikuwa na mitungi miwili imefungwa kwa kamba. "Profesa kaitoa hospitali kwa ugomvi, na majirani wa pale uani wamenielekeza huku," alisema. "Mgonjwa yuko wapi?"

Ndipo Chiriku alipokaa sakafuni, mguu mmoja pekupeku, akatetemeka mpaka meno yakagongana. Muuguzi alimfunika shuka na kumwacha.

Profesa alipiga simu jioni, jua likiwa bado halijazama. Masanduku yote yalikuwa yametolewa nje au yameachwa peke yake. Moja lingine lilikutwa la moto, likaungua uani kwa watu bila kudhuru mtu. Lakini alikuwa bado hajamaliza.

"Kuna yule mgonjwa wetu mwingine, mwalimu mstaafu," alisema Profesa. "Niliongea na wanawe. Walisikia neno betri na neno moto, hawakusikia mengine. Walizima kila kitu, wakamwingiza kwenye gari bila oksijeni. Foleni. Amefia njiani." Alikohoa. "Sanduku lake nimeligusa mwenyewe. Lilikuwa la baridi, Chiriku. Halikuwa na tatizo lolote."

 Maneno waliyoambiwa wale wana yalikuwa ya Chiriku. Profesa aliyapeleka tu. Alifikiria kama angeyapanga vingine, kama angeanza na waya mrefu kabla ya kutaja moto, na wazo hilo likakaa ndani yake na halikutoka tena.

Utafiti ulisimamishwa. Kamati ya chuo iliwahoji, mafundi kutoka nje wakazifungua betri zilizobaki, wakakuta seli zilizojeruhiwa tangu zilipokuwa kwenye pikipiki, majeraha ambayo vipimo vya maabara havikuyaona. Chini ya paa la bati majeraha hayo yakaamka. Profesa aliandika yote katika makala yao, na habari ya mwalimu mstaafu akaiandika pia, ingawa wapo waliomshauri aiweke pembeni. Chuo kilijenga upya chumba kilichoungua na cha jirani yake. Watu wa wizara hawakuja tena kupiga picha.

Shangazi alikaa hospitali majuma kadhaa. Siku ya kuruhusiwa, Chiriku alikuwa anakunja nguo zake kitandani, Shangazi amekaa kwenye kiti na mrija wake, anaangalia dirishani.

"Na lile sanduku?" aliuliza.

"Lipi, Shangazi?"

"La umeme. Mtaniletea jingine lini?"

Chiriku aliacha kukunja. "Shangazi, lile lilitaka kukuua."

"Najua. Nilikuwapo." Alivuta pumzi. "Wewe unaogopa moto. Mimi moto nimeuona mara moja. Umeme unakatika kila siku. Kabla hamjaleta sanduku nilikuwa silali. Nakaa naitazama taa, nasema, isizime, isizime... Ukaja na bati lako, nikalala. Nililala, Chiriku, kama mtoto."

"Bado hatujui kuyatengeneza yakawa salama."

"Basi jifunzeni. Si ndiyo kazi yenu?"

Chiriku alitaka kumwambia kwamba tangu siku ile hawezi kuingia maabara bila kunusa hewa kwanza, kwamba mstari wowote unaopanda kwenye kioo humtoa jasho, kwamba nyumba ya yule mwalimu huipita kwa mbali ili asionane na wanawe. Badala yake aliichukua ile blauzi ya mwisho, akaikunja, akaifungua, akaikunja tena.

Juu yao feni ya wodini ilipunguza mwendo. Taa ikapepesa. Shangazi alishika mikono ya kiti, Chiriku akashika bega la Shangazi, na wote wawili wakainua macho kuitazama taa, wakisubiri kuona itaamua nini.